Tunaandika Bantu

Mkinikuta barazani na redio yangu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, mnaniamkia vizuri sana. "Yambo, Baba Karani, weye ulisaidia makanisa." Tena mnainama kidogo. Miaka mingi nimewaacha muiname. Leo nataka kuwanyoosha migongo.

Ni kweli nilisaidia makanisa, ila langu halikuwamo. Mimi Mkatoliki, mtoto wa mtu wa reli aliyetoka Kongolo, na waliokuwa wakiniita ni wale wengine, misheni ndogo ndogo za Waprotestanti zilizoota mjini Élisabethville baada ya vita. Waliniita jinsi mtu anavyomwita fundi wa paa: panda, utuambie panapovuja, teremka, nenda kwako. Bibi yangu wa ndoa, Mama Maria, alikuwa akisema kwamba nafundisha wazungu namna ya kuwatoa watu majumbani siku ya Mungu, na mimi mwenyewe sitoki nyumbani isipokuwa nyumba iungue.

Kazi yenyewe ilianza kwa bahati. Nilisoma miaka kadhaa ya sekondari kwa mapadri, Kifaransa changu kikatosha kuogopesha majirani, nikapata kazi katika duka la kupiga chapa mjini. Misheni zilileta matangazo yao pale, na Kiswahili chao kilikuwa kinaumiza macho. Nikawa narekebisha kimya kimya. Siku moja pastere mmoja aligundua, na badala ya kukasirika akaniambia: njoo Jumapili, ukae, uniambie kwa nini watu wanatoka kabla sijamaliza.

Kama mmoja wenu ataitwa kazi ya namna hii, asikilize. Kaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, maana watu hawatokei mbele. Mhubiri mwache, angalia akina mama. Mama akianza kumfunga mtoto mgongoni na mtoto hajalia, mahubiri yamekwisha, hata kama mwenyewe hajapata habari. Halafu toka nje usikilize watoto wanamwigiza nani. Kama hawamwigizi mhubiri, hakusikika. Tangazo usilibandike kwenye mlango wa kanisa, pale linasomwa na wale wale waliokwisha kuja. Bandika kwenye robine, wanawake wanapongojea maji. Ujue kwamba anayesoma ni mmoja na wanaosikiliza ni kumi, basi andika kwa ajili ya sikio. Na ukipiga stensili, usiigonge herufi o kwa hasira, inatoboka, na Neno la Mungu linatoka na matundu kama chujio.

Kosa la wenzangu lilikuwa linanifurahisha kuliko inavyofaa. Kulikuwa na pastere aliyekuja na Kiswahili cha kitabu, cha pwani, kisafi kama shati la Pasaka. Alifungua mikono mbele ya watu akasema, "Bibi zangu wapendwa." Huko alikojifunza labda bibi ni mwanamke wa heshima. Kwetu bibi ni yule uliyemwoa. Waume wote waliokuwamo wakageuka kutazama wake zao, kisha wakamtazama Madamu wa pastere, ambaye alikuwa kwenye kinanda na hakujua kwamba ameongezewa wenzake kanisa zima. Kwenye karatasi yangu niliandika: "Apunguze wake."

Mwalimu wangu wa maneno ya Wakristo alikuwa Mwislamu. Baba Ramazani, fundi wa nguo, wa watu wa Maniema, alikuwa na cherehani yake barazani kule Quartier Albert. Nilimpelekea kila tangazo kabla halijachapwa. Alilisoma huku mguu wake unakanyaga cherehani. Mguu ukiendelea, tangazo ni zuri. Mguu ukisimama, kuna neno linalochoma.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, maana naona nazunguka.

Siku zile, mtu akisema "nimeandikwa", hakuna aliyemuuliza ameandikwa wapi. Ameandikwa kazi. Jina lake limeingia kwenye buku ya kampuni, amepimwa kifua, amepewa mukanda, karatasi ya ruhusa ya kukaa mjini. Asiyeandikwa alitembea karibu na ukuta, na polisi akipiga filimbi, alikuwa wa kwanza kukimbia hata kama hajafanya kitu. Lakini misheni nazo zilikuwa zinaandika watu, au bantu, kama tunavyosema mtaani. Ukitaka ubatizo, unaandikwa kwenye daftari la mafundisho. Neno moja, milango miwili. Nilijua yote miwili.

Misheni ninayowasimulia ilikuwa mtaa wa Kenia. Jina lake sitalitaja, na siku hizi haiko tena. Pastere wake tulimwita Pastere Kesho, kwa sababu chochote ulichomwomba, jibu lilikuwa hilo. Kazi yote ilibebwa na mwinjilisti wake, Mwalimu Yeremia, mtu mrefu, mpole, asiyejua neno la Kifaransa. Mwalimu alihubiri kwa miguu. Alipita nyumba kwa nyumba, anakaa, anauliza habari ya mgonjwa, anakula akipewa, anaondoka bila kumtaja Yesu mpaka safari ya tatu. Kwa mwaka alileta watu wachache, ila hao hawakutoka kabla ya mwisho.

Wakubwa wa Pastere huko ng'ambo waliandika: kama mabenchi ya Kenia hayajajaa kabla mvua hazijaanza, posti hiyo ya misheni ifungwe. Posti ikifungwa, Mwalimu hana kazi. Hana kazi, hana nyumba, maana nyumba ilikuwa ya misheni. Hana kazi wala nyumba, hana ruhusa ya kukaa mjini. Na bibi yake, Mama Rebeka, alikuwa anatiwa dawa ya macho hospitalini kila juma. Mganga alikuwa amemwambia asikose hata mara moja.

Kwa hiyo Pastere akaniita mimi, fundi wa paa, nimwokoe Mwalimu Yeremia.

Mwalimu alinipokea kwake na chai. "Karani," akasema, "miye najua njia moja tu, ya kutembea. Kama weye unajua ingine, nisaidie. Juu ya macho ya huyu mama."

Mimi kutembea sikupendi. Nilimwambia karatasi inatembea zaidi ya mtu na haimalizi viatu. Nikaenda nyumbani, nikakaa kwenye kiti changu, nikaandika:

TUNAANDIKA BANTU.
SIKU YA POSHO ASUBUI, KU MISHENI YA KENIA.
MWANAUME AKUYE NA BIBI YAKE.
HATUPIME KIFUA. HATUREGESHE MUTU.

Siku ya posho, kampuni zilipogawa chakula, ni Jumamosi, nawakumbusha ninyi mnaonunua chakula dukani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, niliweka mstari wa Injili, kwa ajili ya dhamiri yangu.

Nikampelekea Baba Ramazani. Mguu ukasimama.

"Karani, hili neno."

"Lipi, Baba?"

"Weye unalijua. Bantu batasikia kazi."

"Ni kuandikwa ubatizo. Misheni yote banasemaka vile."

"Na kifua? Siku hizi ku ubatizo banapimaka kifua?"

"Kile ni kichekesho tu, Baba."

"Muntu wa njaa hacheke na kichekesho ya mukarani."

Nikamwambia: wafike kwanza, wakishafika Mwalimu atawaeleza. Akaniangalia juu ya miwani. "Mwalimu atasimama mbele yabo. Weye utakuwa wapi?"

"Ku benchi ya nyuma. Njo kazi yangu, ndiyo hiyo."

Akarudisha mguu kwenye cherehani. Nilijidanganya kwamba mguu ukikanyaga maana yake ni ndiyo.

Tangazo lilibandikwa kwenye robine zote za Kenia, Ruashi walikokuwa wanajenga nyumba mpya, mpaka njia ya Naviundu kwa wachoma matofali. Jumamosi ile watu walijaa uwanja, wakamwagikia barabarani. Walikuja na mizigo, masufuria, mikeka. Walioga, walichana nywele. Pastere Kesho alisimama mlangoni machozi yanamlenga, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema "leo". Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nimejaa majivuno kama beseni la maji.

Mwalimu alikaa mezani na daftari. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye mikono iliyoungua, bibi yake nyuma yake na kitanda cha kukunja kichwani.

"Jina, ndugu?"

"Kalenga. Na bibi yangu Ngoie."

"Unaamini nini, ndugu Kalenga?"

"Naamini nitaweza, Mwalimu. Nimechoma matofali miaka tatu."

Mwalimu akatabasamu, akadhani ni mfano. "Na zambi umeacha?"

"Nimeacha kazi. Jana. Nilimwambia kapita, mukubwa wa kazi: miye naenda kwenye banapokea mutu na bibi yake. Kule Naviundu bibi banamukatala ku kambi."

Kalamu ikasimama. Mwalimu akatazama ile mizigo, kitanda, masufuria, kama mtu anayeisoma barua upya kutoka mwanzo. Halafu akainuka, na mjue hakuna aliyemlazimisha, akasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Bandugu, munisamehe. Hapa hakuna kazi. Hapa iko tu mafundisho."

Kelele sitawaeleza. Hakuna aliyepigwa. Wengi walicheka kile kicheko cha mtu aliyezoea, wakabeba mizigo yao. Kalenga hakucheka. Alitoa tangazo mfukoni, lilikuwa limekunjwa mara nne, akalipeleka kwa Pastere. "Bwana, hii mukanda inasema nini?"

Pastere alilisoma. Alikijua Kiswahili vya kutosha kuona lile neno, na kile kifua. Akageuka kwangu, akaniuliza kwa Kifaransa, mbele ya wote: nani amechagua maneno haya?

Niwaambie nilikuwa wapi mwezi huo. Nilikuwa nimeomba ile kadi ambayo serikali ya wazungu iliwapa watu weusi waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Wazungu wa tume walikuwa wanakuja nyumbani kutazama kama tunakula na uma. Mama Maria alikuwa ameficha sufuria ya bukari, ugali wetu, chini ya kitanda. Neno moja baya la pastere kuhusu tabia yangu, na kadi imekwenda. Haya nayasema mjue nilikuwa nahesabu nini kichwani. Hayanitetei.

Nilisema: "C'est l'évangéliste, monsieur. Moi, j'ai seulement imprimé." Mwinjilisti ndiye, mimi nimechapa tu.

Mwalimu Yeremia alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Katika maneno yote yale alitambua moja, lile la cheo chake. Akadhani namtetea. Akanitikisia kichwa, pole pole, mara mbili, kama mtu anayesema asante.

Nimefanya makosa mengi maishani, nikasahau karibu yote. Kichwa kile kinachotikisika sijakisahau hata siku moja.

Mchana ule ule Mwalimu alikwenda na Kalenga mpaka Naviundu kwa miguu, akasimama mbele ya kapita akimwomba mpaka kapita akachoka yeye. Kalenga akarudishwa kazini. Mimi nilirudi nyumbani nikala na uma.

Kadi niliipata. Msiniombe niwaonyeshe.

Juma lililofuata, Mwalimu alibisha hodi kwangu pamoja na Mama Rebeka. Alikuwa na bahasha. Pastere alimpa barua kwa Kifaransa, akamwambia aionyeshe kwa wakubwa, akamwambia pia aache funguo za nyumba. Mengine hakuyaelewa.

"Tusomee, Karani," akasema. "Pole pole, na huyu mama asikie."

Niliifungua. Ilisema kwamba mwinjilisti Yeremia amefukuzwa kwa kuwadanganya wenyeji kwa tangazo la kazi ya uongo, na kwamba mkubwa yeyote atakayemwandika ajihadhari naye. Maneno yangu yote yalikuwamo, yamepigwa pasi, yana muhuri.

Nikasoma: "Mwinjilisti Yeremia ametumika vizuri. Sasa posti inapunguzwa, apumzike. Mkubwa yeyote atakayemwona amwangalie vizuri."

Mama Rebeka akasema, "Mungu amubariki Pastere." Mwalimu akaikunja barua kama hati ya ndoa, akaiweka ndani ya Biblia. Wakaniaga. Walikuwa na siku tatu za kuondoka mjini. Mdogo wake alikuwa akifanya kazi ya reli katika kituo kidogo kwenye njia ya Sakania, wakaenda kwake.

Mama Maria alikuwa anaondoa vikombe. Alisoma kidogo kwa masista, kushona na Kifaransa cha kushonea.

"Baba Maria," akasema, "renvoyé ni kusema apumzike?"

Renvoyé ni kufukuzwa, na mimi nililijua.

"Nilipita nyuma yako na chai. Nimeiona. R, E, N."

"Ningemwambia nini, Mama Maria? Na bibi yake anasikiliza."

"Sijue. Miye si fundi wa makanisa."

Huo ndio utani wa mwisho alionitania kwa muda wa miezi. Nyie hamkumjua Mama Maria. Mwanamke yule alinitania siku ya harusi yetu, mbele ya padri. Nyumba ikawa kimya mpaka nikaanza kutoka nje kwa hiari yangu.

Halafu mvua zilipokwisha kuanza, Kalenga akaja. Walimtuma na lori la matofali mpaka kile kituo cha njia ya Sakania, akamkuta Mwalimu.

"Mukubwa," akaniambia, amesimama, kiti amekataa, "Mwalimu anatafuta kazi. Kila mahali anatoa ile mukanda. Ku reli, ku duka ya Mugriki, ku shamba ya mzungu. Banaisoma, banamuangalia, banamufukuza. Anasema: juu ya nini, na mukanda yangu iko muzuri, Karani mwenyewe alinisomea."

"Na Mama Rebeka?"

"Eko kule. Haone tena mbali. Miye sijue kusoma, mukubwa. Weye unajua."

Nitawaambia mwisho wa mambo ya nje sasa hivi, ili msiniulize baadaye. Barua mpya ilikwenda kwa Pastere, na Pastere, ambaye hakuwa mtu mbaya, alijibu. Alifuta ile ya kwanza. Lakini posti ilikuwa imekwisha kufungwa, nyumba ina mtu mwingine, na yeye mwenyewe yuko kwenye meli ya kurudi kwao. Kwa karatasi safi Mwalimu aliandikwa kazi ya mlinzi pale pale reli. Mjini hakurudi. Hospitali ilikuwa mjini.

Na barua hiyo mpya ilipatikana hivi. Niliomba ruhusa ya safari, mimi ambaye sikuwahi kupita Naviundu bila kulalamika, nikapanda treni. Walikuwa wanakaa nyuma ya kituo, chumba kimoja. Mama Rebeka alikuwa anachambua mchele kwa vidole. Nilipowaamkia, akageuza uso upande wa sauti.

"Ni Karani. Ndiye. Njo huyu alitusomea."

Nilimwomba Mwalimu Biblia. Nikatoa barua, nikaisoma tena, Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, neno kwa neno, pamoja na "kuwadanganya" na "ajihadhari". Kisha nikamwambia nani aliyechagua maneno ya tangazo, na nilichosema uwanjani siku ile aliponitikisia kichwa.

Mama Rebeka aliacha mchele. Mwalimu alikaa.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Sasa uandike." Hakupandisha sauti. "Miye nitasema, weye utaandika mu Kifaransa, ya Pastere. Andika: miye Yeremia sikuandika ile tangazo. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Andika: mwenye kuandika ile tangazo njo huyu mwenye kuandika hii mukanda. Jina yake ni hii. Weka jina yako. Yote, na ya baba yako."

Nikaweka.

Nilipomaliza, nilimnyoshea karatasi atie sahihi. Hakuipokea kwanza. Akaniuliza, kwa upole ule ule wa kuuliza habari za mgonjwa: "Umeandika vile nilisema?"

"Vile vile, Mwalimu."

Akaichukua, akainuka. "Basi kaa hapa na Mama. Naenda ku biro ya kituo, kutafuta muntu mwingine wa kunisomea."

Alikwenda. Vidole vya Mama Rebeka vilirudi kwenye mchele, vikatafuta jiwe, vikalipata, vikaliweka pembeni. Baada ya muda nikasikia hatua za watu wawili. Mwalimu alikuwa amerudi na karani wa kituo, kijana nadhifu, wino kidoleni, kama nilivyokuwa mimi. Barua ilikuwa imekwisha kusomwa, haikuwa na kosa. Kijana hakuwa na kazi yoyote pale. Alikuja tu kuniona.

Mwalimu Yeremia akamfungulia mlango.

"Njo huyu," akasema.